Safari ya kwanza mlimani iishie Horombo

Anayekwenda kutembea siku kadhaa mlimani kwa mara ya kwanza asianze kwa kutafuta kilele. Atafute kwanza kibanda: mahali penye paa, godoro, maji na meza ya chakula, atakapofika jua lingali juu, alale, na asubuhi aamue kwa akili iliyotulia kama anaendelea au anarudi. Kwetu Tanzania, vibanda vya namna hiyo vipo kwenye njia ya Marangu ya Mlima Kilimanjaro. Kwa safari ya kwanza, ushauri wangu ni kwamba mwisho wa njia uwe kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru, chenye mita 5,895, kiachwe kwa safari nyingine.

Nawaandikia hasa watu wa Kilolo na majirani zao wa Iringa na Mbeya: mwalimu wa Kidabaga aliye likizo, mkulima wa Ilula aliyekwisha kuuza nyanya zake, mwanachuo wa Iringa mjini, muuguzi wa Tukuyu. Sisi ni watu wa miinuko. Mtoto wa Boma la Ng'ombe hushuka bonde na kupanda kilima kwenda shule, na mama wa Ukwega hubeba kuni kwenye mteremko ambao mgeni wa pwani angesimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi. Ndiyo maana wengi wetu tunaamini hakuna mlima wa kututisha.

Imani hiyo ina ukweli nusu. Miguu yetu imezoea kupanda, lakini damu na mapafu yetu havijawahi kufika huko tunakotaka kwenda. Luhombero, kilele kirefu kuliko vyote katika Milima ya Udzungwa, hakifiki mita 2,600. Kibanda cha kwanza cha njia ya Marangu, Mandara, kipo mita 2,720. Kwa hiyo usiku wa kwanza tu utalala juu kuliko jiwe lolote la Udzungwa. Usiku wa pili, pale Horombo, utakuwa umeupita Mlima Rungwe na pia Mtorwi wa Kitulo, ambao kwa mita zake 2,961 ndio mrefu kuliko yote kusini mwa nchi. Anayeijua hesabu hiyo hupanda kwa unyenyekevu, na anayepanda kwa unyenyekevu hurudi salama.

Kwa nini uanzie kwenye vibanda

Kilolo ina milima yake, tena mizuri. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, imeshika Kilolo upande wa Iringa na Kilombero upande wa Morogoro. Ina njia za kutembea siku kadhaa. Ile ya kilele cha Mwanihana, yenye kilomita 38, huchukua siku tatu. Lakini huko unalala kwenye hema. Hema lina uzito, lina kamba na vigingi, na ukilifunga vibaya mvua ya usiku inakuamshia ndani ya maji. Jiko, sufuria na chakula chote hubebwa. Msitu una tembo na nyati, kwa hiyo unatembea ukiwa na askari wa hifadhi. Mgeni wa safari za aina hii akianzia huko, anajifunza mambo mengi kwa mpigo mmoja, na likimshinda moja, yote yanaharibika.

Njia ya Marangu inakupunguzia masomo hayo. Ndiyo njia pekee ya kupandia Kilimanjaro ambayo watembezi hulala kwenye vibanda. Nyingine zote ni za mahema. Mandara na Horombo kuna vibanda vidogo vya mbao vyenye paa kali lililoshuka karibu na ardhi, na ndani yake mna vitanda vichache, magodoro na mito. Kuna ukumbi wa kulia chakula, maji ya bomba, vyoo, na taa za umeme wa jua. Ukifika umelowa, unabadilisha nguo pakavu. Ukiumwa, upo mahali penye watu. Kazi inayobaki kwako ni mbili: kutembea vizuri na kuusikiliza mwili wako.

Vituo hivyo vina historia inayotuhusu. Wakati wa utawala wa Wajerumani, Mandara iliitwa kwa jina la Bismarck na Horombo kwa jina la mkoloni Carl Peters. Leo vina majina ya watawala wa Kichaga: Mandara aliyekuwa Mangi wa Moshi, na Horombo wa Keni huko Rombo. Kwa mtu wa Uhehe aliyesimuliwa tangu utotoni jinsi Mkwawa alivyolishinda jeshi la Wajerumani chini ya Zelewski pale Lugalo mwaka 1891, kulala kwenye kituo kilichovuliwa jina la Peters ni jambo lenye uzito wake.

Siku nne, usiku tatu

Wengi hupewa safari ya siku tano au sita ya kwenda kileleni, na wakiambiwa habari ya Horombo peke yake huona kama wamepunjwa. Hawajapunjwa. Mpango ninaoupendekeza kwa anayeanza ni wa siku nne.

Siku ya kwanza unaanzia lango la Marangu, takriban mita 1,870, kimo ambacho mtu wa Dabaga hawezi kukishangaa. Njia inapita msituni kilomita nane hivi hadi Mandara, mwendo wa saa tatu hadi nne. Mbega weusi wenye mkia mweupe huonekana juu ya miti, na ardhi mara nyingi ina unyevu. Ukifika mapema, weka mzigo, kunywa chai, kisha tembea robo saa hadi kreta ya Maundi na kurudi. Matembezi hayo mafupi yana faida: mwili unaonja kimo cha juu kidogo kabla ya kulala.

Siku ya pili ni ndefu, kilomita kumi na mbili hivi, na unapanda mita elfu moja kamili. Msitu unaisha, vichaka vinafupika, na hewa ikiwa safi unakiona kilele cha Kibo chenye theluji na cha Mawenzi chenye meno. Tenga saa sita, hata saba. Hapa ndipo vijana wenye nguvu hujiharibia, kwa sababu njia haina mteremko mkali na miguu inataka kukimbia. Usiikubalie. Tembea mwendo wa mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani: hatua fupi, mgongo ulionyooka, bila kusimama ovyo na bila kuharakisha. Kipimo chake ni rahisi. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, unakwenda mbio.

Siku ya tatu usihame. Hii ndiyo siku ambayo wakala wa safari atataka kuifuta ili kupunguza gharama, na ndiyo unayopaswa kuitetea. Asubuhi panda na mwongozaji wako hadi Miamba ya Pundamilia, yenye mistari myeupe na myeusi, karibu mita 4,000. Kaa kidogo, tazama, kisha rudi Horombo ule na kulala. Kupanda mchana na kushuka kulala chini ni njia ya zamani na ya uhakika ya kuuzoesha mwili. Jioni ya siku hiyo, wengi waliokuwa na kichwa kinachogonga jana yake huona kimetulia na njaa imerudi.

Siku ya nne unashuka kilomita ishirini hivi hadi langoni. Watu huidharau, lakini ndiyo inayoumiza magoti na vidole. Kata kucha za miguu kabla ya safari, kaza kamba za viatu sehemu ya kifundo ili mguu usisukumwe mbele, tumia fimbo mbili kama unazo, na usishindane na mtu.

Mwili na mwinuko

Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na kila pumzi inakupa oksijeni pungufu. Kwenye mita 5,500 hivi, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Dar es Salaam. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka muda. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, kila usiku usilale zaidi ya mita 500 hivi juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku chache upumzike. Sasa tazama vituo vya Marangu: kutoka Mandara hadi Horombo ni mita elfu moja, na kutoka Horombo hadi kibanda cha Kibo, kwenye mita 4,720, ni elfu moja nyingine. Nafasi hizo ni kubwa kuliko kanuni inavyotaka. Hii ndiyo sababu yangu kuu ya kusema safari ya kwanza iishie Horombo, na ndiyo sababu ya kuipigania ile siku ya tatu.

Dalili za kawaida za ugonjwa wa mwinuko ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu usio wa kawaida na usingizi wa kukatika-katika. Ukizipata, usipande juu zaidi mpaka ziishe. Mwambie mwongozaji mara moja. Kuficha ili usionekane dhaifu ni hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Zipo dalili nyingine ambazo hazina mjadala: kupumua kwa shida hata ukiwa umekaa, kikohozi chenye mate ya povu, kupepesuka, kushindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka kisigino kikigusa kidole, au kuzungumza maneno yasiyoeleweka. Mtu huyo anashushwa saa ileile, hata kama ni usiku wa manane. Dawa ya kwanza ni kushuka.

Ugonjwa huu hauchagui wenye misuli. Mcheza mpira hodari anaweza kulala chini huku mama wa makamo akinywa uji wake mezani. Kulelewa Kilolo pia hakukukingi. Kunakusaidia kuvumilia baridi na mteremko, basi. Kunywa maji lita tatu hadi nne kwa siku, kidogo kidogo. Kula hata kama hamu ni ndogo. Pombe na dawa za usingizi viache nyumbani, na ulanzi uusubiri hadi utakaporudi, kwa maana vyote hivyo hupunguza upumuaji usiku.

Kabla ya kulipa chochote, mwone daktari. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, asipande kabisa kwenye kimo hicho. Damu yake inaweza kumdhuru vibaya pale oksijeni inapopungua. Anayebeba kinasaba chake bila kuugua naye apate kwanza ushauri wa daktari. Wenye pumu, presha au matatizo ya moyo, na wajawazito, nao wasiende kwa kubahatisha. Zipo pia dawa za kusaidia mwili kuzoea mwinuko. Daktari ndiye wa kukuambia kama zinakufaa na kwa kipimo gani.

Mazoezi ya nyumbani

Hapa ndipo mtu wa Kilolo ana bahati. Wakazi wa jiji hulipia vyumba vya mazoezi ili wapande ngazi ya mashine. Wewe unatoka mlangoni. Anza miezi miwili kabla ya safari. Tembea mara tatu kwa wiki, saa moja hadi mbili, ukichagua njia ya kupanda na kushuka. Mwisho wa wiki tembea saa nne, kisha tano, kisha sita, ukiwa na begi mgongoni lenye maji, koti na chakula, uzito wa kilo tano au sita. Wa Mbeya na Tukuyu wanaweza kufunga mazoezi yao kwa kupanda Rungwe kwa siku moja, wakiwa na mwenyeji anayeijua njia.

Kisha fanya jaribio moja la siku mbili mfululizo. Chagua kijiji ambacho una ndugu au chenye nyumba ya wageni, tembea siku nzima, lala, na kesho yake rudi kwa miguu. Ile siku ya pili ndiyo mwalimu: itakuonyesha kiatu kinabana wapi, mkanda wa begi unakata wapi, na kama soksi zako zinafaa. Malengelenge yanayotokea karibu na nyumbani ni habari njema, kwa sababu muda wa kurekebisha bado upo.

Tahadhari mbili. Barabara kuu ya Kitonga haifai kwa mazoezi hata kidogo. Ina kona kali, malori mazito na mahali pachache pa mtembea kwa miguu kukimbilia. Na usiingie misitu ya hifadhi bila kibali kwa kisingizio cha mazoezi. Njia za vijijini zinatosha.

Kuhusu majira, kalenda ya mkulima wa Kilolo inaendana vizuri na mlima. Kilimanjaro huwa pakavu zaidi kuanzia mwisho wa Juni hadi Oktoba, na tena Januari na Februari. Mvua kubwa ni za Machi hadi Mei, na nyingine hunyesha Novemba. Mahindi yakishaingia ghalani na mashamba yakiwa bado hayajaanza kuandaliwa, Agosti na Septemba vinabaki wazi. Fanya mazoezi Juni na Julai, katika ile baridi yetu ya asubuhi, na utaufika mlima ukiwa tayari.

Nguo na vifaa

Usidanganywe kwamba lazima ununue vitu vya bei kubwa. Mitumba ya Iringa na Mbeya ina karibu kila nguo unayohitaji, ukijua unachokitafuta. Joto hupungua takriban nyuzi sita kwa kila mita elfu unazopanda. Kutoka Iringa mjini, iliyo kwenye mita 1,550 hivi, hadi Horombo, hesabu nyuzi kumi na tatu pungufu. Usiku maji yanaweza kuganda.

Siri ya kupata joto ni tabaka tatu. Ya kwanza, inayogusa ngozi, iwe fulana ya kitambaa kinachokauka haraka, kama zile za michezo. Ya pili iwe sweta zito au la sufu. Ya tatu iwe koti lisilopitisha mvua na upepo, pamoja na suruali yake. Pamba nzito na jinzi ziache. Zikilowa hazikauki, na mwili unapoa. Ongeza mzula wa kufunika masikio, glavu, kofia ya jua, miwani ya jua, soksi jozi nne, na nguo kavu za kulalia ambazo huzivai mchana kwa vyovyote. Mfuko wa kulalia unaofaa baridi unaweza kuukodi Moshi au kwa wakala wako. Ukague zipu kabla ya kuondoka.

Kiatu ndicho kitu kimoja ambacho nakuomba usikifanyie ubahili. Kiwe buti linalofunika kifundo, lenye soli yenye meno, lenye nafasi mbele ya vidole. Kivae kwenye mazoezi yote. Kiatu kipya siku ya kwanza ya safari ni adui. Ukikipata cha mtumba, mpelekee fundi viatu aishone soli kabla haijaachia yenyewe. Beba pia raba nyepesi za kuvaa kituoni.

Kwenye begi lako dogo, unalobeba mwenyewe, weka maji, koti la mvua, sweta, tochi ya kichwani na betri za akiba, plasta, dawa ya maumivu, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, mafuta ya kuzuia jua, karatasi ya chooni na kitu cha kutafuna: karanga, korosho, tende, mahindi ya kukaanga. Vyoo viko nje ya vibanda, na usiku bila tochi utajikwaa. Wanawake wabebe taulo za kike hata kama siku zao hazijakaribia, kwa sababu mwinuko na uchovu huweza kubadili mzunguko. Kama hupendi kulala kibanda kimoja na wanaume usiowafahamu, liseme wakati wa kupanga safari, usingoje kufika.

Vibali, fedha na wakala

Kilimanjaro haupandwi kiholela. Unaingia kupitia kampuni iliyosajiliwa, ukiwa na mwongozaji mwenye kibali cha hifadhi. Ada za hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki hutozwa kwa shilingi na ni ndogo mno zikilinganishwa na za wageni wa ng'ambo, ilimradi uwe na kitambulisho cha Taifa. Hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo mtu asikuambie kwamba anazipeleka langoni mkononi. Omba risiti.

Mweleze wakala kwa uwazi: safari ni ya siku nne, mwisho ni Horombo, siku ya tatu ni ya kuzoea mwinuko. Muulize maswali haya na uandike majibu: Ana leseni ya biashara ya utalii, ile ya TALA? Vitanda vimehifadhiwa kwa tarehe hizo? Chakula ni cha namna gani? Mwongozaji ana mafunzo ya huduma ya kwanza? Mtu akiumwa anashushwaje, na nani analipa? Wapagazi wanalipwa kiasi gani kwa siku? Wakala anayekasirishwa na maswali hayo si wa kumwamini.

Njia ya kupunguza gharama ni kwenda kundi. Walimu wa shule moja, wanakwaya, wanachama wa VICOBA, wote wanaweza kuchangishana kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Kila mwaka makundi ya Watanzania hupanda pia kuadhimisha Uhuru wa tarehe 9 Desemba. Yana shamrashamra na gharama hugawanywa, lakini vituo hujaa na mvua inaweza kukukuta. Kwa anayeanza, Septemba ni bora.

Kutoka Iringa unaweza kupita Mtera, Dodoma, Kondoa na Babati hadi Arusha na Moshi, au kuzunguka kwa Morogoro, Chalinze na Same. Kwa vyovyote ni siku nzima barabarani. Usifike alfajiri kwa basi na kuanza kupanda asubuhi hiyohiyo. Fika siku moja kabla, lala Moshi au Marangu, kula vizuri, panga mzigo upya.

Adabu ya mlimani

Wapagazi wa Kilimanjaro huitana wagumu, na kweli ni wagumu. Kikomo cha mzigo wa mtu mmoja ni kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Usiwe mtu wa kujaza begi kwa vitu usivyovihitaji kwa sababu tu halikai kichwani kwako. Wasalimie, waulize majina, wapishe njiani, na mwisho wa safari wape bahasha zao mkononi. Mtanzania anayepanda mlima wa nchi yake awe wa kwanza kuwaheshimu wenzake wanaombebea.

Moto ni jambo la kuogopwa. Oktoba 2020, moto mkubwa ulianzia Whona, mahali pa kupumzikia kati ya Mandara na Horombo, ukateketeza eneo kubwa la vichaka. Sisi wenye mashamba ya misindano tunajua cheche moja kiangazi inavyoweza kufuta kazi ya miaka. Usivute sigara njiani, na usiwashe chochote nje ya majiko ya kituo. Taka zako zirudi nawe hadi langoni, pamoja na maganda ya machungwa, ambayo kwenye baridi ile hayaozi upesi.

Baada ya Horombo

Ukirudi nyumbani mzima, umeshajifunza mambo ambayo hakuna kitabu kinachoweza kuyaweka mwilini mwako: mwendo wako, baridi unayoistahimili, jinsi kichwa chako kinavyopokea mita 3,720. Sasa unaweza kuchagua. Mlima Meru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, nao una vibanda: Miriakamba kwenye mita 2,514 na Saddle kwenye mita 3,570, na unatembea na askari mwenye silaha kwa sababu ya nyati. Njia yake ni kali kuliko ya Marangu hadi Horombo, ndiyo maana nimeiweka ya pili. Ukipenda unaishia Meru Ndogo, juu kidogo ya mita 3,800, bila kugusa kilele cha mita 4,566. Anayeutaka Uhuru arudi Marangu kwa siku sita, kamwe si tano.

Lakini mimi ningependa uchukue ujuzi huo uulete Kilolo. Kutoka kijiji cha Udekwa watu huingia kwenye msitu wa Ndundulu, ambako mwaka 1991 watafiti walimkuta kwale wa Udzungwa, ndege ambaye sayansi haikuwa imemjua. Panya-sange mwenye uso wa kijivu alitangazwa kutoka milima hii mwaka 2008. Na kipunji, aina ya tumbili aliyetangazwa mwaka 2005, anaishi mahali pawili tu duniani: Ndundulu yetu, na misitu ya Rungwe na Livingstone upande wa Mbeya. Huko hakuna vibanda, kuna hema, kibali, mwenyeji na askari. Ni safari ya mtu aliyekwisha kujifunza. Wakati wageni wanavuka bahari kuja kuuona msitu huo, wengi wetu tunaoishi chini yake hatujawahi kulala humo hata usiku mmoja.

Basi panga sasa. Mwone daktari, nunua kiatu, kusanya wenzako wanne, anza kutembea wikiendi hii, na andika kwenye karatasi kwamba safari ya kwanza inaishia Horombo. Ukiwa pale siku ya tatu na mtu akakushawishi uendelee kwa kuwa unajisikia vizuri, mwonyeshe karatasi hiyo, umshukuru, na asubuhi yake ushuke.